Kengele ya Urafiki ya Korea, San Pedro: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mgeni anayepanga kwenda kuiona kengele, mwanafunzi wa sanaa au uhunzi, na yeyote anayetunza kazi ya shaba iliyo nje, karibu na bahari. Sehemu ya sauti na ya upigaji ni ndefu kuliko nyingine kwa makusudi. Ukiielewa sauti, utaelewa kwa nini kila kitu kingine kwenye kengele hii kimewekwa pale kilipo.

Iko wapi, na ilifikaje Marekani?

Iko juu ya kilima katika bustani ya Angels Gate, eneo la San Pedro, kusini kabisa mwa jiji la Los Angeles, California. Ukisimama kwenye banda lake unaiona bahari ya Pasifiki, na siku isiyo na ukungu unakiona kisiwa cha Catalina. Zamani kilima hicho kilikuwa sehemu ya ngome ya kijeshi ya Fort MacArthur, na mahandaki ya mizinga ya pwani bado yapo jirani.

Wananchi wa Jamhuri ya Korea (Korea Kusini) waliitoa zawadi kwa wananchi wa Marekani mwaka 1976, Marekani ilipotimiza miaka 200 ya uhuru. Inawaenzi pia wanajeshi wa Marekani waliopigana katika Vita vya Korea vya 1950 hadi 1953. Uratibu ulifanywa na Philip Ahn, mwigizaji wa filamu mzaliwa wa Los Angeles ambaye baba yake, Ahn Chang-ho, ni miongoni mwa wapigania uhuru wanaoheshimiwa sana Korea. Ilizinduliwa tarehe 3 Oktoba 1976, na tarehe hiyo kwa Wakorea ni sikukuu ya kuasisiwa kwa taifa lao. Mwaka 1978 jiji liliiandikisha kuwa Mnara wa Kihistoria na Kitamaduni Namba 187.

Ni kengele au ni sanamu?

Ni vyote viwili. Imesubiwa kwa shaba nyeusi iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, ina michongo ya watu na maua inayojitokeza kwenye ubavu wake, na inaonekana kutoka pande zote kama sanamu yoyote ya bustanini. Ila michongo hiyo haikuwekwa kwa uzuri peke yake. Kila uvimbe juu ya kengele unaongeza uzito mahali fulani, na uzito huo unaigusa sauti.

Ina ukubwa gani?

Kimo chake ni futi 12, yaani mita 3.66 hivi. Kipenyo cha mdomo ni futi 7.5, karibu mita 2.3, na unene wa wastani ni inchi 8, takriban sentimita 20. Uzito ni zaidi ya tani 17 za Kimarekani, na hapa wengi hukosea: tani ya Kimarekani ni kilo 907 tu, kwa hiyo tani 17 ni kama tani 15.4 za metriki. Ukiona maandishi mawili yana tarakimu tofauti, kwanza angalia ni tani ipi.

Metali zake kuu ni shaba nyekundu na bati, pamoja na dhahabu, nikeli, risasi na fosforasi zilizoongezwa kwa ajili ya ubora wa sauti.

Mfano wake ni upi?

Ni Kengele ya Mfalme Seongdeok, iliyoko katika Makumbusho ya Taifa ya Gyeongju, mji uliokuwa makao makuu ya Silla, ufalme wa kale wa Korea. Mfalme Gyeongdeok aliagiza isubiwe kwa heshima ya baba yake, Seongdeok, lakini akafa kabla haijakamilika. Mwanawe, Hyegong, ndiye aliyeimaliza mwaka 771. Kimo chake nacho ni mita 3.66, kipenyo mita 2.27, na uzito tani 18.9 za metriki. Kwa hiyo kengele ya San Pedro inalingana na mama yake kwa kimo na karibu kwa upana, ila ni nyepesi kidogo.

Mbona haina ulimi ndani?

Kengele ya kanisa la Ulaya hubembea juu mnarani, na ulimi wa chuma ulio ndani hugonga ukingo. Kengele ya Kikorea haibembei. Inaning'inia tuli, mdomo wake ukiwa karibu na ardhi, na hupigwa kutoka nje kwa gogo lililotundikwa mlalo kwa minyororo au kamba.

Ulimi wa chuma ni mgumu na mdogo, na unapogonga huamsha zaidi sauti kali za juu. Gogo ni zito na laini. Hukaa kwenye shaba kwa muda mrefu kidogo kabla ya kuruka nyuma, na mguso huo wa polepole huamsha sauti nene za chini, zile zinazosafiri mbali na kudumu.

Chini ya kengele za namna hii, kwa desturi ya Korea, huchimbwa shimo la kina kifupi. Hewa iliyo shimoni na iliyo tumboni mwa kengele huungana, na sauti nzito hupata nguvu zaidi.

Inapigwaje, hatua kwa hatua?

Wapigaji hujipanga pande mbili za gogo, wawili wawili au zaidi, kila mmoja na kamba yake. Mmoja wao huhesabu.

Kwanza gogo hubembezwa taratibu mara mbili au tatu bila kugusa kengele, ili wote waingie katika mwendo mmoja. Kisha huvutwa nyuma kwa pamoja na kuachiwa. Kazi hufanywa na uzito wa gogo, si misuli ya wapigaji. Anayesukuma kwa nguvu mwishoni hulipindisha, na ncha hutua pembeni mwa shabaha.

Shabaha hiyo ni duara la ua la yungiyungi lililochongwa sehemu ya chini ya ubavu. Wasubi wa Silla waliliweka hapo kwa hesabu nzuri. Pigo likitua pale, nguvu inayopanda hadi kwenye kitanzi cha kutundikia huwa ndogo, na kengele hutetema bila kuyumba. Likitua juu zaidi, sehemu ya nguvu huishia kuisukuma kengele nzima. Sauti hupungua na kitanzi huumia.

Gogo likisharuka nyuma, lazima likamatwe hapo hapo. Kosa la wageni wanaoalikwa kupiga kwa mara ya kwanza ndilo hili: wanaachia kamba ili washangilie, gogo linarudi, linaigusa kengele ambayo bado inatetema, na sauti inakatika kwa mkoromo. Kumbukeni hivi: vuta, achia, kamata, tulia.

Baada ya hapo ni kungoja. Pigo la pili likija mapema mno linaweza kukutana na mtetemo wa kwanza ukienda upande wa pili, na badala ya kuongezeka, sauti ikapungua. Acheni mlio ushuke hadi uwe mvumo hafifu ndipo mbembeze tena. Sherehe inayokimbizwa kwa sababu ya ratiba ya hotuba huuharibu mlio wa kengele kuliko upepo, na tungependa waandaaji walijue hilo kabla hawajapanga dakika.

Mgeni anaruhusiwa kuipiga mwenyewe?

Siku za kawaida hapana. Wanaopiga ni wale walioandaliwa kwa sherehe, na mara nyingine wageni waalikwa chini ya usimamizi. Wala usiijaribu kwa jiwe, funguo au chupa. Shaba yenye bati nyingi ni ngumu lakini haipindiki. Kitu kigumu chenye ncha huacha kovu, na kovu ndogo ukingoni inaweza kuwa mwanzo wa ufa. Kengele iliyopasuka haitoi tena sauti yake, na kuichomelea mara chache kunairudisha ilivyokuwa.

Ngumi nayo haisaidii. Utaumia wewe, na utasikia kishindo kidogo tu.

Kwa nini sauti yake inapanda na kushuka kama inapumua?

Fikiria kengele iliyo duara kamili, unene sawa pande zote. Ukiipiga, mdomo wake hujibana na kujitanua, ukawa yai huku, kisha yai kule, kwa kasi moja. Sauti ingekuwa moja, ikififia moja kwa moja.

Kengele halisi haiko hivyo. Upande wenye ua la shabaha ni mzito kidogo, upande wenye michongo ya watu nao una uzito wake, na unene wa ukuta haulingani pande zote. Matokeo yake kila mtetemo hugawanyika kuwa miwili yenye kasi zinazokaribiana sana. Kwenye Kengele ya Mfalme Seongdeok watafiti wamepima jozi moja katika hezi (mitetemo kwa sekunde) 64.07 na 64.42, na nyingine katika hezi 168.52 na 168.63. Jozi ya kwanza hukutana na kuachana kila baada ya karibu sekunde 3, ya pili kila baada ya karibu sekunde 9. Zinapokutana sauti huinuka, zinapopingana hushuka. Ule mvumo wa chini, u-u-ung, unaorudi tena na tena baada ya kishindo cha kwanza kutoweka, unatokana na hapo.

Kwa hiyo kutolingana huko siyo kasoro. Msubi wa kengele ya Kikorea anayepata duara lisilo na tofauti yoyote atakuwa amepata kengele bubu kwa kipimo cha Wakorea, hata ikilia kwa nguvu namna gani. Tofauti ikiwa kubwa mno nayo ni shida, maana mawimbi hupishana haraka na mlio husikika kama kutetemeka kwa mtu mwenye baridi. Kazi ya msubi ni kuipata ile tofauti ndogo ya katikati, na kwenye shaba ya tani nyingi hilo si jambo la kubahatisha.

Nisimame wapi ili niisikie vizuri?

Usisimame nyuma ya wapigaji. Mtetemo una sehemu ambazo shaba inacheza sana na sehemu ambazo karibu haichezi, zikipokezana kuzunguka mdomo. Kwa sababu hiyo mvumo unaopanda na kushuka husikika wazi mahali fulani, na hatua chache pembeni unafifia. Baada ya pigo la kwanza, tembea polepole kulizunguka banda hadi usikie mahali panapopumua zaidi, kisha baki hapo kwa mapigo yanayofuata.

Kilima kina upepo mwingi alasiri, ndiyo maana watu hupenda kurushia tiara pale. Upepo ukivuma, sogea karibu. Simu haiwezi kunasa vizuri sauti nene za chini namna hii, na spika yake haiwezi kuzitoa, hivyo usihukumu kengele hii kwa video ya mtandaoni.

Lile bomba lililo juu, kando ya joka, ni la nini?

Ni alama ya kengele za Kikorea. Kengele za Kichina na Kijapani hutundikwa kwa joka wawili waliopeana migongo. Ya Kikorea ina joka mmoja aliyejikunja kuwa kitanzi, na nyuma yake bomba lenye uwazi unaopita hadi tumboni mwa kengele. Watafiti wengi huliona kama njia ya kupitishia sauti za juu ili zififie upesi na kuziacha za chini. Wengine wanasema athari yake ni ndogo. Sisi tunaona kwamba, hata kama ingekuwa ndogo, wasubi waliolirudia bomba hilo vizazi kwa vizazi, pamoja na ugumu wa kulisubu, walikuwa na sababu.

Kengele kubwa hivi husubiwaje?

Njia ya kale ya Silla ni ya nta. Hujengwa kiini cha udongo chenye umbo la tumbo la kengele. Juu yake hupakwa nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya ng'ombe, kwa unene ule ule utakaokuwa wa shaba. Michongo yote hufanyiwa kwenye nta hiyo: maua, watu, maandishi, hata mikunjo ya nguo. Kisha nta hufunikwa kwa uji laini wa udongo, tabaka baada ya tabaka, kila moja likauke kabla ya lingine, na tabaka za nje zikiwa nene na za chembe kubwa zaidi. Kalibu ikikamilika hupashwa moto, nta inayeyuka na kutoka, na pengo linabaki. Kalibu huchomwa, hufukiwa shimoni na kushindiliwa udongo pande zote ili isipasuke kwa uzito wa metali.

Shaba nyekundu huyeyushwa kwanza, na bati huongezwa mwishoni kwa sababu huungua haraka ikikaa sana motoni. Kengele za kale za Silla zina bati la kama asilimia 12 hadi 15. Za Ulaya hufika 20 na zaidi, kwa hiyo ni ngumu zaidi na sauti yake ni kali zaidi. Fosforasi kidogo huondoa oksijeni kwenye metali iliyoyeyuka, na bila hivyo oksijeni huacha vitundu ndani ya shaba.

Kinachoharibika mara nyingi ni hiki. Kalibu isiyokauka sawasawa hutoa mvuke shaba inapoingia: kwa bahati nzuri utapata mapovu, kwa bahati mbaya utapata mlipuko. Umiminaji ukisita hata kidogo, shaba ya awali huanza kuganda na ile inayofuata haishikamani nayo, pakabaki mshono usioonekana kwa macho. Kengele hiyo itapendeza hadi siku ya kupigwa. Na gesi isipopewa njia ya kutokea juu, hukusanyika begani mwa kengele, karibu kabisa na kitanzi kinachobeba uzito wote.

Baada ya hapo huachwa ipoe ndani ya ardhi kwa siku kadhaa. Anayefukua mapema kwa shauku hupata nyufa.

Je, ni kweli mtoto alitumbukizwa kwenye shaba ya kengele ya Gyeongju?

Ni hekaya. Inasimuliwa kwamba kengele ilikataa kulia hadi mtoto alipotolewa kafara, na kwamba mlio wake ni mtoto akimwita mama yake. Ndiyo sababu wengi huiita Emille, neno linalodaiwa kufanana na wito huo. Hakuna ushahidi wa tukio hilo. Hekaya hiyo hata hivyo inaonyesha jinsi watu walivyousikia ule mvumo unaopanda na kushuka: waliusikia kama kilio.

Wale watu waliochongwa ubavuni ni akina nani?

Kuna jozi nne. Katika kila jozi mmoja ni Uhuru, yule mwanamke ambaye Wamarekani humchora kuwakilisha uhuru wao. Mwenzake ni seonnyeo, binti wa mbinguni katika hekaya za Kikorea. Kila seonnyeo ameinua kitu tofauti: mmoja alama ya taegeuk, ile duara ya bendera ya Korea, wa pili tawi la mugunghwa, ua la taifa la Korea, ambalo ni la ukoo mmoja na rozela na bamia, wa tatu tawi la loreli, wa nne njiwa wa amani.

Linganisha na kengele ya Gyeongju. Kule viumbe wa mbinguni wamepiga magoti juu ya mayungiyungi, mikononi wakiwa na vyetezo vya kufukizia ubani, kwa kuwa ile ilisubiwa kwa ajili ya hekalu la Kibudha. Umbo lilibaki, dua ikageuzwa kuwa ya mataifa mawili. Kwa maoni yetu huo ndio uamuzi bora zaidi wa kisanii katika kazi nzima, kwa sababu mchongaji hakuiga tu.

Banda lake lina nini cha kutazama?

Lilijengwa pale pale kilimani na mafundi 30 walioletwa kutoka Korea. Kazi ilichukua miezi 10 na kugharimu dola 569,680. Nguzo ni 12, na chini ya kila moja analinda mnyama mmoja wa falaki ya Asia Mashariki: panya, ng'ombe, chui milia, sungura, joka, nyoka, farasi, kondoo, nyani, jogoo, mbwa na nguruwe. Wenye watoto, waambieni kila mmoja amtafute mnyama wa mwaka aliozaliwa. Aliyezaliwa Januari au Februari aangalie kwanza Mwaka Mpya wa mwezi uliangukia lini, maana huenda mnyama wake ni wa mwaka uliotangulia.

Kisha inua macho. Chini ya paa kuna dancheong, mapambo ya rangi tano za msingi: buluu, nyeupe, nyekundu, nyeusi na njano.

Dancheong huchorwaje, na kwa nini hubabuka?

Kwa desturi huchorwa juu ya mbao, na kazi yake ya kwanza ni kuzikinga na maji na wadudu. Mbao husafishwa, hupakwa gundi ya wanyama iliyochemshwa nyembamba, kisha rangi ya chini ya kijani cha udongo. Mchoro haukisiwi kwa jicho. Fundi huuchora kwenye karatasi, hutoboa mistari yake yote kwa sindano, huibandika karatasi kwenye boriti na kuipigapiga kwa kifuko cha unga mweupe. Unga hupita kwenye vitundu, na karatasi ikiondolewa mchoro umebaki kwa nukta. Ndipo kila rangi hujazwa mahali pake, na mistari myeusi na myeupe huja mwisho.

Rangi hubabuka kwa sababu chache zinazojulikana. Mbao ikiwa na unyevu, maji yanapotoka huisukuma rangi. Gundi ikiwa nzito mno juu ya tabaka jepesi, hujikunja ikikauka na kung'oa kila kitu. Rangi ya plastiki isiyopitisha hewa hufungia unyevu ndani, kwa hiyo mbao inaoza huku nje panang'aa. Jijini Seoul, lango la Sungnyemun lilifunguliwa tena Mei 2013 baada ya kuungua mwaka 2008, na katika miezi michache tu dancheong yake ikaanza kubabuka kwa sababu ya vifaa visivyofaa. Haraka na dancheong havikai nyumba moja.

Ya San Pedro, pamoja na kengele yenyewe, ilikarabatiwa mwaka 2013 na kuzinduliwa upya Januari 2014.

Chumvi ya bahari inaiathiri vipi shaba?

Shaba nyeusi ikiachwa nje hujivika ngozi ya kahawia au kijani cha giza. Ngozi hiyo ikiwa ngumu na imeshika, iacheni, ni kinga. Adui ni kijani kingine: hafifu, cha unga, kinachotokea kwa madoa madoa na kurudi siku chache baada ya kupanguswa. Hapo kloridi ya chumvi imeingia ndani ya metali na, ikipata unyevu, inaendelea kuila na kuacha vishimo. Tazama mahali maji yanapokaa: juu ya mikunjo ya nguo za seonnyeo, kwenye magamba ya joka, chini ya ukingo.

Utunzaji wa kawaida kwa kazi ya shaba iliyo nje ni huu. Osha kwa maji safi yasiyo na chumvi na sabuni laini isiyo na tindikali wala amonia, kwa brashi ya nywele laini. Suuza hadi maji yatoke safi. Kausha kabisa, hasa mapangoni mwa michongo. Pasha shaba moto kidogo, paka nta nyembamba, iache ipoe, kisha sugua kwa kitambaa. Rudia angalau mara moja kwa mwaka. Kwenye kengele, nta ya pale gogo linapogonga huisha kwanza, kwa hiyo sehemu hiyo ikaguliwe mara nyingi zaidi.

Usitumie brashi ya waya, dawa za kung'arishia vyombo, ndimu wala siki. Zinaiondoa ngozi njema pamoja na mbaya, na michongo midogo hulainika kila unaposugua. Ushauri huu unafaa popote penye upepo wa bahari: Sanamu ya Askari jijini Dar es Salaam, ya shaba nyeusi tangu 1927, inapambana na hewa ya namna hiyo hiyo.

Usilisahau gogo. Ncha yake hutawanyika nyuzi kama mswaki kadiri inavyotumika. Nyuzi kidogo huulainisha mguso vizuri, lakini zikizidi pigo huwa butu na hapo ncha hukatwa upya. Minyororo ikaguliwe kabla ya kila sherehe, pete kwa pete.

Hupigwa siku gani?

Kwa miaka mingi ilipigwa mara tatu tu kwa mwaka: usiku wa kuamkia Mwaka Mpya, tarehe 4 Julai ambayo ni siku ya uhuru wa Marekani, na 15 Agosti, siku Korea ilipokombolewa kutoka utawala wa Japani mwaka 1945. Iliwahi pia kupigwa 11 Septemba 2002, kumbukumbu ya mwaka mmoja wa mashambulizi ya 2001.

Ziliongezwa siku nyingine: 13 Januari, Siku ya Wamarekani wenye asili ya Korea, kukumbuka kundi la kwanza la wahamiaji lililotia nanga Honolulu mwaka 1903, Wiki ya Katiba ya Marekani mwezi Septemba, na Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa 5:30 asubuhi. Ratiba hubadilika, basi hakikisha kwa idara ya bustani ya jiji kabla hujasafiri.

Kama una siku moja tu, tunashauri Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Umati ni mdogo kuliko wa Julai, hakuna fataki wala vipaza sauti, na mlio unausikia hadi mwisho.

Mapigo 33 yanayotajwa yana maana gani?

Hayo ni ya kengele ya Bosingak jijini Seoul, inayopigwa mara 33 usiku wa kuamkia Mwaka Mpya. Enzi za Joseon, ufalme wa zamani wa Korea, mapigo 28 ya usiku yalitangaza kufungwa kwa malango ya jiji, na 33 ya alfajiri yakatangaza kufunguliwa. Idadi ya 33 inahusishwa na mbingu 33 za Kibudha. San Pedro idadi hufuata sherehe yenyewe.

Nafikaje?

Kwa gari, fuata barabara kuu ya 110 kuelekea kusini hadi inapoishia San Pedro, kisha endelea na Gaffey Street kusini karibu hadi baharini. Anwani ya bustani ni 3601 South Gaffey Street. Kutoka katikati ya jiji ni kama kilomita 40, na asubuhi za kazi foleni ni kubwa.

Kwa basi, njia ya J ya Metro, namba 950, inateremka hadi San Pedro, na kutoka kituo cha mwisho bado kuna mwendo mrefu wa kupanda. Mzee au mwenye shida ya miguu achukue teksi kwa kipande hicho.

Hakuna kiingilio. Kwa kawaida pamefunguliwa kila siku kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 12 jioni. Chukua koti hata kama katikati ya jiji kuna jua kali, na maji ya kunywa.

Naweza kupiga picha za harusi au filamu?

Picha za kawaida za familia hazina shida. Upigaji wa kibiashara unahitaji kibali, na jijini Los Angeles vibali vya filamu hushughulikiwa na FilmLA. Mwanga mzuri ni saa ya mwisho kabla ya jua kuzama, linapoingia chini ya paa kwa ubavu na kuitokeza michongo. Mchana kengele huwa kivulini mwa paa huku nje kukiwa kweupe mno, na kamera nyingi huitoa nyeusi tii. Pima mwanga kwenye shaba, si angani.

Kama siwezi kufika San Pedro, wapi pengine?

Marekani ya mashariki ipo bustani ya kengele ya Kikorea ndani ya Meadowlark Botanical Gardens, Vienna, jimbo la Virginia, iliyofunguliwa mwaka 2012. Ukiwa Korea, anzia Gyeongju. Ya mwaka 771 haipigwi tena kama zamani ili isichakae, ila wageni husikilizishwa rekodi yake pale uani. Kengele ya Kikorea ya kale zaidi iliyosalia, ya mwaka 725, iko hekalu la Sangwonsa katika mlima Odaesan. Mwenye hamu ya uhunzi wenyewe aende Makumbusho ya Kengele ya Jincheon, ambako hatua za kusubu kwa nta zimepangwa kwa mfuatano na unaweza kuziangalia moja baada ya nyingine.